Uchungu wa Balungi

Jumapili, 3 Novemba

Leo nimebeba mifuko sita ya maganda ya machungwa kutoka duka la juisi hapa Hail, Maskati, mpaka maabara, na gari bado inanuka. Mwenye duka aliniuliza nafuga mbuzi wangapi. Nikamwambia sifugi, nayapeleka chuoni. Akanitazama kidogo, akaniongeza mfuko wa saba.

Nimeamua msimu huu wa machungwa niuandike kwa Kiswahili. Kwenye daftari la maabara naandika Kiingereza, na wenzangu nasema Kiarabu, Kiswahili kimebaki cha jikoni, mimi na Mama. Nisipokiandika kitanitoka.

Kazi yenyewe ni hii. Miaka tisa nimekuwa fundi wa maabara ya kemia, nikiwapimia wengine. Mwaka huu, nikiwa na miaka thelathini na nne, nimepewa ruhusa ya utafiti wangu mwenyewe kwa shahada ya pili. Ganda la chungwa lina kitu kinaitwa hesperidini, kimoja katika ukoo mkubwa wa flavonoidi, kemikali za asili za mimea, na watu wanakichunguza kwa ajili ya mishipa ya damu. Nataka kukitoa kwa maji na chokaa tu, bila spiriti.

Msimamizi wangu ni Dkt. Ghaith. Wazee wake walitoka Tabora, na Kiswahili chake ni cha bara, kila neno limekaa mahali pake. Aliposoma mpango wa utafiti wangu aliandika pembeni, kwa wino mwekundu, maneno matatu: "Na wanaotumia dawa?" Nikamjibu kwamba hayo yako nje ya mada yangu. Hakubisha. Si mtu wa kubisha, wala wa kusifu.

Jumanne, 5 Novemba

Kukausha. Nyuzi hamsini, siku mbili. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 14 Novemba

Imetoka.

Nilisaga maganda makavu, nikayaloweka katika maji ya chokaa mpaka yakageuka rangi ya manjano iliyokolea, nikachuja, nikachuja tena. Kisha nikadondosha asidi, tone baada ya tone, nikitazama kipimo kikishuka. Kwa muda mrefu halikutokea lolote. Niliuacha mtungi juu ya meza nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, chini kulikuwa na kitu kama unga wa mchele umetua. Nilisimama pale na viatu mkononi.

Dkt. Ghaith alikuja, akainama, akatazama. Akasema, "Ipime kabla hujaipenda."

Nyumbani nilimweleza Mama. Yeye neno moja tu lilimshika.

"Chokaa? Hii hii ya tambuu?"

"Hiyo hiyo, Mama, ila safi zaidi."

"Basi bibi yako naye alikuwa mkemia," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Ijumaa, 15 Novemba

Kaka yangu Yaqoob na mkewe walikuja kula mchana kwetu, kutoka Madinat Sultan Qaboos. Mama alipika biriani. Tangu Baba afariki kwa kiharusi, miaka minne sasa, Yaqoob haachi Ijumaa ipite bila kuja. Ni yeye aliyemkuta Baba sakafuni asubuhi ile. Halizungumzii kabisa, lakini kila akiingia humtazama Mama usoni kwanza, upande huu na upande huu, ndipo anavua viatu.

Baada ya chakula aliniuliza habari ya kazi, nikaeleza. Nilieleza vizuri, najua. Nilisema ganda la machungwa si taka. Nilisema flavonoidi huenda zikasaidia mishipa ya damu ilegee, presha ishuke kidogo. Nilichukua kipande cha chungwa nikawaonyesha ile nyama nyeupe chini ya ganda ambayo sote huitupa, nikasema, "Penye uchungu ndipo penye kitu." Wote walinisikiliza, hata Mama. Yaqoob alikuwa ameshika simu. Nilidhani anaangalia saa.

Jumatatu, 25 Novemba

Sauti yangu imenirudia kwa njia ya Unguja. Mama mdogo, aliyeko Mbweni, kanitumia kwenye wasapu akiuliza, "Huyu si wewe?" Ni mimi, dakika moja na nusu, nikisema yale ya Ijumaa ile. Juu yake pameandikwa: "Dkt. Mazoon wa Maskati anaeleza dawa ya presha na mafuta ya damu."

Nilimpigia Yaqoob.

"Mimi si daktari, na sikusema dawa."

"Umesema inalegeza mishipa. Kama hiyo si dawa ni nini?"

"Nimesema huenda."

"Mazoon, watu hawasikii huenda. Wacha wafaidike. Baba angepata mtu wa kumwambia hivi mapema, pengine tungekuwa naye."

Na niandike ukweli, maana hili daftari halisomwi na mtu: nilifurahi. Miaka tisa nimewasafishia wengine vyombo. Leo mama wa mwenzangu kazini kaniomba nimweleze yeye binafsi.

Jumapili, 1 Desemba

Gramu mia mbili za ganda kavu zimenipa gramu tatu na kitu. Machungwa machanga yametoa zaidi ya yaliyoiva. Dkt. Ghaith alisoma namba zote, akasema, "Rudia mara tatu."

Nilimwambia kuhusu ile sauti, kwa mzaha. Hakucheka. Aliuliza, "Wewe umeisikiliza?" Nikasema ndiyo. "Kama msikilizaji, au kama msemaji?" Nilimwona mtu mkavu.

Ijumaa, 6 Desemba

Yaqoob kaja na gunia la mabalungi kutoka shamba la rafiki yake huko Barka. Mama alilikata moja pale pale, akalimenya ganda la juu tu, ule weupe akauacha, akala. Uso ulimkunjamana.

"Chungu hili."

"Si lazima ule na weupe wake, Mama."

"Umesema mwenyewe penye uchungu ndipo penye kitu. Na balungi ni chungu kuliko chungwa. Au nnakosea?"

Nikamwambia hakosei. Nikamweleza kwamba balungi lina flavonoidi yake, naringini, na uchungu ule ndio wenyewe. Nilikaa nikala naye vipande viwili. Yaqoob alitutazama akatabasamu.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Barabara ya chini ilijaa maji, chuo kimefungwa. Nilimsaidia Mama kuingiza maganda ya balungi aliyoyaanika juu ya paa. Anayachemsha na tangawizi.

Alhamisi, 19 Desemba

Mara ya tatu: gramu tatu nukta moja. Sasa naweza kulala. Mama anakula balungi moja asubuhi na nusu jioni, kama saa.

Jumamosi, 28 Desemba

Hali ya hewa nzuri, madirisha wazi mchana kutwa. Mama alitaka kwenda Mutrah kutembea. Kulikuwa na meli kubwa ya watalii bandarini na wageni wamejaa ufukweni. Zamani Mama angefika mwisho wa njia ile na kurudi huku akinihimiza mimi. Leo hakufika hata nusu. Alikaa kwenye benchi, akakamata mapaja yake kwa mikono miwili.

"Miguu imekuwa mizito. Kama si yangu."

"Tangu lini?"

"Siku kadhaa. Nnazeeka, mwanangu, si ugonjwa huu."

Nilimwambia ni baridi, na kwamba hajatembea tangu mvua. Kisha nikamwambia flavonoidi hizi hutumiwa hata kwa mishipa ya miguu, kwa hiyo azidi tu kula balungi lake, damu itatembea. Nilimwambia hivyo nimemshika mkono. Aliniamini, akainuka, tukaenda polepole mpaka garini.

Alhamisi, 2 Januari

Gunia la pili la balungi limefika.

Jumatatu, 6 Januari

Mama hakupika leo. Anasema mapaja na mabega yanamuuma kama aliyebeba mizigo. Nilimsugua kwa mafuta ya karafuu. Nilimuuliza kama ameanguka akanificha, akasema hapana. Nilimwambia twende kituo cha afya, akasema tungoje Alhamisi, ana miadi yake ya presha.

Nikaenda kazini. Nilikuwa na michoro ya kumaliza.

Alhamisi, 9 Januari

Naandika hospitali, kwenye kiti cha ukumbini. Niandike kwa mpangilio, mikono itulie.

Baada ya sala ya alfajiri nilimsikia Mama akiita jina langu, si kwa sauti kubwa. Nilimkuta bado kwenye mswala, amekaa, hawezi kuinuka. Nilimkamata kwapani nikamnyanyua; miguu yake haikusaidia kitu. Nilimpeleka msalani nikimbeba nusu. Alipomaliza akasema, "Mazoon, njoo utazame hii." Mkojo wake ulikuwa rangi ya chai ya rangi.

Nilimpigia Yaqoob. Alifika kwa dakika ambazo sitaki kujua alizipataje. Hakumtazama Mama usoni safari hii. Alimbeba moja kwa moja.

Daktari aliyetupokea ni kijana, jina lake Nouf, mpole, anaandika haraka. Alimpima Mama, akamtoa damu ikapimwe, akaanza maswali kwa Kiarabu. Mama anakijua Kiarabu, kaishi Maskati miaka arobaini na zaidi, lakini leo maneno yote yalimtoka kwa Kiswahili. Kwa hiyo nilikaa katikati nikitafsiri.

Dawa gani anatumia? Nilimpa vidonge vyake: cha presha asubuhi, na cha kushusha mafuta ya damu jioni, simvastatini.

Ameongezewa dozi karibuni? Hapana.

Anatumia dawa za asili, mitishamba, chochote kutoka dukani?

"Hapana," nilisema, bila kumuuliza Mama.

Mama alifumbua macho. "Mwambie balungi."

Sikutafsiri. Dkt. Nouf alinitazama, akamtazama Mama. "Anasema nini?"

Nilikuwa naweza kusema anaomba maji. Sijui kwa nini jambo hilo lilinipitia kichwani, lakini lilinipitia, na naliandika. Maana katika ukimya ule maneno matatu ya wino mwekundu yalinijia kama yameandikwa ukutani mwa chumba kile. Na baada yake ikaja makala niliyoisoma mwezi wa Septemba, nikaifunga, kwa sababu ilizungumzia balungi na vidonge, na mimi kazi yangu ilikuwa chungwa.

"Mwambie, Mazoon," Mama akasema. "Nnakula balungi kila siku. Na maganda yake nnakunywa."

Nikatafsiri. Dkt. Nouf aliacha kuandika.

"Kila siku? Tangu lini?"

"Wiki tano."

"Nani alimshauri?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Alieleza, na mimi nilitafsiri kila neno, nikimweleza mama yangu mwenyewe jambo ambalo ilikuwa kazi yangu kulijua. Kwenye utumbo kuna kimeng'enya kinachoivunja sehemu kubwa ya kile kidonge kabla hakijaingia mwilini. Dozi hupangwa kwa hesabu hiyo. Ndani ya balungi kuna vitu, si zile flavonoidi ninazozisifu bali jirani zake kwenye tunda lile lile, vinavyokizima kile kimeng'enya, na kikizimwa leo, kesho bado hakijarudi sawasawa. Kwa hiyo kidonge kimoja kinaingia kama vingi. Siku baada ya siku dawa imejaa ndani, imeanza kuvunja misuli, na taka ya misuli imeshuka kwenye figo. Ile ndiyo rangi ya mkojo.

"Chungwa la kawaida halina shida hii," alisema. "Chenza pia. Balungi ndilo. Na danzi, lile chungwa chungu."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja. "Figo zimeharibika?"

Dkt. Nouf alisema zimeumia. Zitaoshwa kwa maji ya mshipani, na siku mbili tatu ndizo zitasema kama zinaitika. Zisipoitika kuna mashine.

Nikatafsiri mpaka "mashine." Mama akasema, "Haya," akafumba macho.

Nilitoka nikaenda ukumbini. Yaqoob alikuwa amesimama dirishani. Nilimweleza. Alinisikiliza, kisha akasema, "Magunia nimeleta mimi. Yote mawili."

"Maneno nimesema mimi."

"Na mimi nikayatuma."

Tukabaki hivyo, kila mmoja akigombea lile kosa liwe lake. Baadaye alikwenda akaleta kahawa mbili, hakuna aliyekunywa.

Ijumaa, 10 Januari

Hakuna mabadiliko. Maji yanaingia, mkojo bado mweusi. Yaqoob anakaa usiku, mimi mchana. Anamnywesha supu kwa kijiko na anamfuta kidevu kila mara, polepole. Miaka yote nimemwona mtu wa haraka, wa kutuma kabla hajafikiri. Sikuwa nimemwona mkono wake ukifanya kazi ndogo.

Jumamosi, 11 Januari

Mkojo umeanza kufifia. Dkt. Nouf alinionyesha namba. Bado juu sana, lakini zinashuka. Mama aliuliza nani anamwagilia mirehani yake.

Jumatatu, 13 Januari

Figo zimeitika. Hakuna mashine. Alhamdulillah.

Nilikwenda chuoni kwa saa mbili tu. Nilimkuta Dkt. Ghaith ofisini, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nilikuwa tayari kwa neno lake, nililistahili.

Alivua miwani. "Kaa kwanza. Mama anaendeleaje?"

Nikakaa. Nikamwambia figo zimeitika.

Aliiweka miwani mezani. "Niliandika maneno matatu, ukanijibu, nikanyamaza. Kazi ya msimamizi ni kuuliza mara ya pili. Sikuuliza kwa sababu sipendi kubishana. Hilo ni langu, usilibebe."

Mtu huyu nimemwita mkavu humu humu.

Kisha akasema, "Ile sauti yako. Unajua imefika kwa watu wangapi?"

"Sijui."

"Wangapi kati yao wanatumia kidonge kile?"

Jumatano, 15 Januari

Mama karudi nyumbani. Anatembea kwa fimbo na kunishika mimi. Kidonge cha mafuta kimesimamishwa. Misuli ikipona watampa cha aina nyingine, kisichogombana na balungi.

Ijumaa, 17 Januari

Nimerekodi sauti ya kusahihisha. Dakika nne na nusu. Nimetaja dawa moja moja, nimeeleza kile kimeng'enya, nimesema ushahidi wa flavonoidi kwa presha ni mdogo na unabishaniwa, nimeomba radhi. Nilirekodi mara saba mpaka hapakuwa na kosa. Yaqoob kaituma kwenye makundi yote aliyotuma ile ya kwanza, na juu yake kaandika, "Tafadhali isikilizeni mpaka mwisho."

Jumatatu, 20 Januari

Hakuna aliyeisambaza. Mama mdogo kasema, "Nzuri, mwanangu, lakini ndefu." Na ile ya kwanza imetufikia tena leo, sasa imetiwa picha ya balungi na mawaridi.

Jumanne, 28 Januari

Nimeandika sura ya nne. Pale palipokuwa pameandikwa "nje ya mada" sasa pana kurasa sita. Hesperidini yangu ni ile ile, gramu tatu na kitu, nyeupe, safi, haina hatia yoyote, na huenda siku moja ikamfaa mtu. Bado naipenda. Nimejifunza tu kwamba tunda halina kitu kimoja tu ndani yake.

Mama kafika mpaka jikoni bila fimbo.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya chakula Yaqoob alikuwa anatuchezea ile sauti yangu ya dakika nne, tuone wapi pa kukata. Mama alisikiliza kwa uvumilivu. Ilipofika kwenye kimeng'enya akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu."

"Unataka kufanya nini, Mama?"

"Nnataka kusema. Mimi ndiye niliyeumwa, au ni nyie?"

Yaqoob alimwonyesha pa kubonyeza. Mama akajiweka sawa mtandio kana kwamba wataona, akasema, na nanakili hapa kama alivyosema:

"Assalaam alaykum. Mimi Bi Kheiria, mama yake Mazoon, yule aliyekwambieni habari ya uchungu wa machungwa. Nimekula balungi kila siku na huku nnameza kidonge cha mafuta ya damu. Vimegombana tumboni. Miguu imekufa, mkojo umekuwa mweusi, nimelala hospitali siku saba. Mwanangu hakujua, na mimi sikumuuliza daktari. Basi wewe unayemeza kidonge chochote, balungi liweke kando, na danzi pia, mpaka umuulize mwenye duka la dawa, umwonyeshe na boksi lako. Kidonge usikiache. Acha balungi. Na ukiumwa mapaja bila sababu, usiseme unazeeka. Mimi nilisema hivyo. Nenda hospitali."

Sekunde hamsini na mbili. Hakurudia. Alimpa Yaqoob simu, akaomba chai.

Jumapili, 9 Februari

Mama wa mwenzangu kazini ameipata kutoka kwa jirani yake. Mama mdogo ameipata Mbweni kwa watu watatu tofauti.

Jumatano, 12 Februari

Leo mchana simu ya Yaqoob ililia akiwa hapa kwetu, namba asiyoijua. Alisikiliza, akanipa. Mwanamke mtu mzima, Kiswahili cha Unguja. Alisema anaitwa Hamdiya, yuko Nizwa, namba kaipata kwa watu, anamtaka yule mwenye sauti.

"Ya kwanza au ya pili?" nikauliza.

"Zote nnazo. Ya kwanza ndiyo iliyonianzisha."

Nikamwomba achukue boksi la dawa yake anisomee. Alisema herufi za Kizungu zinamshinda kuziunga. Nikamwambia ataje moja moja. Akaanza, taratibu, akisogeza boksi mbali na macho, maana nilimsikia akimwomba mtu awashe taa: S. I. M. Hapo nilikuwa nimeshajua, lakini nilimwacha amalize mpaka mwisho, na nikamuuliza namba iliyoandikwa mbele yake. Arubaini.

"Na balungi?"

"Nnalo shambani. Nnakula tangu Disemba. Kila siku, si ulisema penye uchungu."

"Nilisema, mama. Nilikosea. Unaumwa popote?"

Akasema, "Mapaja. Tangu juzi. Nilidhani baridi ya huku."

Mama alikuwa ameketi mkabala nami akikata bamia. Aliweka kisu chini, akanyoosha mkono, nikampa simu. Hakujitambulisha hata.

"Hamdiya, umeutazama mkojo wako leo? ... Rangi gani? ... Sawa, hiyo bado nzuri. Sasa nisikilize. Una mtoto hapo karibu? ... Mwite. ... Si baada ya chakula, mwite sasa, mimi nakungoja kwenye simu."

Tulingoja. Tulisikia mlango Nizwa, sauti ya mwanamume, gari ikiwashwa. Mama hakukata mpaka yule mama alipokuwa ameshaketi ndani ya gari na boksi lake mkononi.

Saa kumi na mbili mwana wa Hamdiya alitupigia. Damu imepimwa: misuli imeanza kuumia, lakini figo ni nzima. Wamemsimamishia kidonge, wanamtia maji, watampumzisha mpaka kesho. Yaqoob alikuwa kasimama mlangoni na viatu mkononi akisikiliza. Alikaa chini pale pale kizingitini, akafunika uso wake kwa viganja.

Mama alimwacha. Alimaliza bamia zake, akanawa, ndipo akaniuliza yule Hamdiya wa Nizwa ni mtoto wa nani, na kama namba yake nimeihifadhi, maana kesho asubuhi anataka kumpigia kumjulia hali.